Saa Tatu ya Bawabu

Mimi huuawa mara nne kwa siku: saa tano asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku. Ijumaa huuawa mara tatu tu, kwa heshima ya sala. Watu wa nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani Dubai huwajibu niko hotelini, na si uongo. Ninalala chali katika ukumbi wa hoteli moja ya Al Mankhool, nimefunikwa shuka jeupe kuanzia utosini hadi magotini, na wageni wananizunguka wakimtafuta aliyeniua.

Marehemu mwenyewe alikuwa mwanamume. Aliitwa Sheikh Sufyan, mwalimu wa elimu ya nyota katika chuo kikuu kimoja cha Iraki zamani za makhalifa, na alikutwa chumbani mwake kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la kusagia wino. Nilipopewa kazi hii nilimkumbusha Sir Shihab, mwenye kampuni, kwamba mimi ni mwanamke. Akaitazama miguu yangu, akasema haidhuru, soksi zipo. Kabla ya hapo nilikuwa mlinzi wa ghala kule Airport Freezone, miaka mitano nimesimama wima kama nguzo ya stima. Nikaona afadhali kufa, maadamu ni kufa kwa kulala.

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Asila, mkalimani wetu, husimama hatua tatu kutoka kichwani pangu akaeleza kisa kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza. Sheikh alikutwa amekufa wakati wa adhuhuri. Naibu wake, Mwalimu Yaqoub, akasema alibisha hodi alfajiri na hakuitikiwa, kwa hiyo sheikh alikuwa amekufa tangu usiku. Bawabu wa chuo akasema hapana, yeye alimpelekea maji ya kunywa, akamkuta mzima, wakasalimiana. Saa ngapi? Saa tisa alasiri. Hapo Asila hunyamaza, na mimi chini ya shuka husikia wageni wanavyocheka. Mtu ameokotwa maiti adhuhuri, wewe unasalimiana naye saa tisa! Wanapiga kura kwa mikono, mikono yote inamwendea bawabu, na mgeni mmoja huchaguliwa kumfunga viganja kwa kitambaa na kumpeleka kunyongwa nyuma ya pazia.

Bawabu alikuwa Jotham, mtu wa Vihiga, mzee wa kanisa, mpole wa kuudhi. Alipewa nafasi hiyo kwa sababu moja tu. Kisa kimetolewa kwenye ukurasa wa kitabu cha kale, na ukurasa huo unamtaja marehemu kwa jina lake na la baba yake na la babu yake na la mji wake, lakini bawabu umemwita mtu wa Zanji, basi. Wakatafuta mweusi aliye karibu. Jotham alikuwa akipiga deki.

Ukurasa wenyewe ulikuwepo, si mchezo. Familia moja ya hapa iliuazimisha kwa kampuni, ukawekwa kwenye sanduku la kioo katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, na wageni wakimaliza kuninyongea bawabu wangu walipita kuutazama. Sikuwahi kuuelewa hata herufi moja. Nilichojua ni kwamba Jotham aliupenda. Kila asubuhi, akifungua ukumbi, alipangusa kioo chake kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Alisema ni vizuri mtu kupangusa mahali alipoandikwa.

Jumanne ile nilifika saa nne. Nilikuta ndoo chini ya kiyoyozi cha chumba kile, maji yakidondoka tapu, tapu, na Jotham akiwa ameshavaa kanzu ya bawabu.

"AC inaleak tangu saa tatu," akaniambia. "Nimeita Khalfan kwa redio, akasema yalla, anakuja. Sanduku siwezi kusongesha, key iko na Sir."

Khalfan ni mkuu wa matengenezo. Hakuja. Saa tano nikafa kama kawaida. Saa sita Sir Shihab akaingia na mgeni wake kumwonyesha ukurasa, akakuta maji yamehama, yanapita ukutani na kuingia kwenye sanduku. Wino uliodumu miaka mia saba ulikuwa umetiririka kama wanja wa mtu aliyelia.

Siku ya pili kila mtu aliitwa ofisini kuhojiwa; Khalfan akakana kwamba aliitwa kwa redio, na mimi habari ya ndoo sikuulizwa. Asila ndiye aliyeandika, kwa Kiarabu, maana mwenye ukurasa alitaka karatasi asome mwenyewe. Jotham alieleza kwa Kiswahili. Kiingereza anacho, sote tunacho, lakini na Asila tulizoea Kiswahili. Yeye ni mtoto wa Wazanzibari aliyezaliwa hapa, na alikuwa akituambia kwamba sisi ndio tunaomfanya asikisahau. Jotham akaweka sahihi chini ya maandishi asiyoyajua. Jumapili akapewa barua: ameona maji, hakusema, kisha ameongopa katika maelezo yake. Ndege yake ni Alhamisi.

Niseme kilichomuuma Jotham, kwa sababu watu wengi wangedhani ni kazi. Kazi alikuwa ameichoka kama sote. Kilichomuuma ni lile neno.

"Mama Phyllis," aliniambia, Phyllis akiwa ni binti yangu, "nitarudi nyumbani na karatasi inasema mimi ni mwongo. Wanifute tu, sawa. Lakini waandike nimefutwa. Wasiandike nimedanganya."

"Ulidanganya nini?"

"Sijui. Wanasema masaa haiingiani."

Nikamwendea Asila. Nikamkuta kwenye ngazi za nyuma akinywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, viatu amevivua, macho mekundu kwa kuchoka. Nikamwomba aniambie tu Jotham aliongopa wapi. Hakuwa na ubaya, akaifungua simu akanionyesha nakala.

Kiarabu sikisomi, lakini namba zao nazijua. Ukikaa mji huu miaka tisa utazijua kwenye vibao vya magari tu. Katikati ya mistari niliona tatu yao, kisha vitone viwili, kisha sufuri mbili.

"Hii ni nini?"

"Saa tatu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, wallahi sikumzulia. Anadai aliona maji yanavuja saa tatu, na Sir ameukuta ukurasa umeshaharibika saa kumi na mbili." Alimaanisha adhuhuri.

Nikamtazama. 

"Dada Asila. Mama yako akikwambia njoo saa tatu asubuhi, unakwenda saa ngapi?"

Akacheka kidogo. "Mama ananipigia simu tu, ananiambia njoo sasa hivi. Kwetu saa tunasoma Kiarabu, da Mirriam. Mie Kiswahili changu cha jikoni. Saa nimejifunza skuli."

"Saa tatu ni hii," nikasema, nikamwonyesha tisa kwenye uso wa saa yangu ya mkono. "Jua likitoka ni saa kumi na mbili, inayofuata ni saa moja. Jotham aliona maji asubuhi. Aliita fundi asubuhi. Mimi mwenyewe niliiona ndoo saa nne."

Akaitazama saa yangu muda mrefu. Niliona jambo linavyomwingia, kwa sababu mkono wake ulitafuta mahali pa kuweka kile kikombe na haukupata.

"Khalas," akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Imeshaandikwa."

"Iandike tena."

"Da Mirriam, miaka kumi na moja mie ndiye ulimi wao. Nikisema nimekosea tatu na tisa, wataniuliza nimekosea mangapi mengine. Mikataba ya watu nimetafsiri mie." Akavaa viatu. "Jotham ana kwao. Mie nimezaliwa hapa na hati yangu ya kuishi ni ya kazi hii. Wakinifukuza, mie na mama wataturudisha wapi?"

Nilimkasirikia, na nilimwonea huruma, na vyote viwili vilinichosha. Nikarudi ukumbini kufa.

Hapo ndipo ajabu ilipotokea, ikiwa mtu anaweza kuiita ajabu. Chini ya shuka huwa sisikilizi. Miezi saba maneno yale yalikuwa kwangu kama feni. Siku ile nilisikiliza. Asila akaanza kwa Kiarabu, akafika kwa bawabu, na nikalisikia neno: as-saa ath-thalitha. Saa. Ya tatu. Kisha akasema kwa Kiingereza, three o'clock, na kichwa changu, kama kilivyozoea kila siku, kikaigeuza chenyewe kuwa saa tisa alasiri. Kumbe miezi yote hiyo hakuna aliyesema saa tisa. Niliisema mimi.

Bawabu alisema saa tatu.

Mimi si msomi. Lakini kila Ijumaa Kuu, tangu nikiwa mtoto, nimesimama kanisani nikisikia kwamba Bwana alisulubiwa saa tatu na giza likaingia saa sita, na hakuna mchungaji aliyewahi kutuambia ilikuwa alasiri na magharibi. Watu wa kale walihesabu mchana tangu jua kutoka, kama tunavyohesabu sisi. Baada ya mchezo nilimuuliza Asila ukurasa ulisema nini hasa kabla haujalowa. Akajibu bila kunitazama: saa ya tatu ya mchana.

Saa tatu ya mchana! Jua lingali changa. Basi yule mtu wa Zanji alimpelekea sheikh maji asubuhi, akamkuta mzima, wakasalimiana, na sheikh akapasuliwa kichwa kati ya hapo na adhuhuri. Na kama ni hivyo, mwongo ni yule aliyesema sheikh alikuwa maiti tangu usiku. Mwalimu Yaqoub. Naibu. Aliyekalia kiti chake mwezi uliofuata. Ukurasa wenyewe unasema, na wageni huwa hawakiulizi kiti hicho. Nilikuwa nimelala juu ya jibu miezi saba.

Sikufurahi. Mtu huhesabu, akakuta kwamba amelala pale akisikiliza mnyonge ananyongwa mara mia nane na zaidi. Wazee husema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sisi tulichukua nusu ya kwanza tukaiacha ya pili.

Nikaenda kwa Sir Shihab. Nilimweleza kwa Kiingereza, taratibu, habari ya Jotham peke yake, nikamwambia na habari ya ndoo. Si mtu mbaya. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mirriam, wewe ni rafiki yake," akamwita Asila.

"Alisema saa tatu?"

"Alisema saa tatu, sir."

"Kwa Kiarabu tatu ni ngapi?"

"Thalatha, sir."

Hakuongopa hata neno moja. Ulimi hauna mfupa, lakini wa Asila siku ile niliuona unavyomwelemea. Sir Shihab akanyanyua mikono kunionyesha kwamba ameshafanya uadilifu. Alikuwa na simu nyingine inaita.

Jotham nilipomwambia hakushangaa. Alikuwa anakunja mashati. "Wacha, Mama Phyllis. Nimechoka kujieleza. Mtu anajieleza mpaka anaanza kujishuku."

"Mimi sijachoka," nikasema. Huo nao ulikuwa uongo.

Jumatano, mchezo wa saa kumi na moja, ulikuwa wa mwisho kwake. Hawakuwa wamepata bawabu mwingine, kwa hiyo mtu aliyefukuzwa kwa uongo alivikwa kanzu akasimame mbele ya watu ashitakiwe uongo. Ukumbi ulijaa. Safu ya mbele alikaa mwenye ukurasa, mzee wa makamo mwenye fimbo nyembamba, aliyealikwa ili moyo wake utulizwe. Nilimwona kupitia shuka. Shuka letu limefuliwa mpaka limekuwa chandarua.

Wakapiga kura. Bawabu! Mwanamke mmoja akachaguliwa kumfunga viganja. Jotham akaitoa mikono yake mbele mwenyewe, kama anavyofanya kila siku, ili mgeni asipate taabu. Ni hiyo mikono iliyoniinua.

Nikaketi. Shuka likaniangukia mapajani. Mtu akapiga kelele, wengine wakacheka. Nilikuwa na Kiingereza changu, ningeweza kujisemea yote. Lakini kosa lilifanyika kwa Kiswahili, na aliyelifanya alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na nilitaka litoke kinywani mwake. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti:

"Bawabu hakuongopa. Alisema saa tatu, na saa tatu ni asubuhi. Watu wa enzi zile walihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Alinikuta mzima, akanipa maji, tukasalimiana. Mwongo ni aliyesema nilikufa usiku, na ndiye aliyekalia kiti changu. Na Jotham naye alisema saa tatu. Jotham aliona maji asubuhi na aliita fundi asubuhi, na aliyeandika alikosea. Waambie, Asila. Waambie kama nilivyosema."

Ukumbi ukamgeukia Asila. Sir Shihab, mlangoni, alikuwa amefungua mdomo. Asila alisimama na karatasi zake kifuani, na kwa muda nilidhani atakimbia. Kisha akaanza.

Sijawahi kumsikia akitafsiri vile. Alieleza saa za kale, tangu jua kutoka. Alieleza maji na salamu. Alipofika kwa Mwalimu Yaqoub na kile kiti watu wakavuta pumzi, na nikaona mzee mwenye fimbo anakubali kwa kichwa, maana Kiarabu chake cha kale alikuwa nacho. Akarudia yote kwa Kiingereza, hata neno moja halikupotea. Akafika kwenye kiti. Akanyamaza.

"Na Jotham," nikasema.

Akanitazama. Macho yake yalijaa, sitamsingizia. Midomo ikafunguka.

"Mabibi na mabwana," akasema kwa Kiingereza, "huo ndio mwisho wa mchezo wetu. Asanteni."

Wakasimama wakapiga makofi. Walidhani ndivyo tulivyopanga. Mzee mwenye fimbo alipiga makofi, Sir Shihab alipiga kuliko wote, na yule mwanamke aliyechaguliwa alikuwa anahangaika kumfungua Jotham kitambaa, akimwomba radhi kwa kicheko. Jotham alitabasamu kama alivyofundishwa. Kiingereza anakielewa. Alikuwa amesikia kilichosemwa na kilichoachwa.

Nilipiga kelele kwa Kiingereza sasa, nikasema mtu huyu, huyu aliye hai, lakini makofi yalikuwa mengi na muziki ulikwisha kuwashwa. Waliokuwa karibu walinipungia mkono.

Nyuma ya pazia Jotham alivua kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti.

"Angalau yule mwingine ametoka," akaniambia.

Akaondoka Alhamisi na karatasi yake. Nilimsindikiza mpaka kituo cha metro tu, kwa sababu saa tano nilikuwa na kifo.

Siku hizi maiti huamka. Sir Shihab ameagiza iwe hivyo, wageni wameipenda, na tiketi za jioni hukatwa mapema. Ukurasa umepelekwa kwa mafundi wa karatasi. Khalfan amebadilisha kiyoyozi. Bawabu sasa ni Ken, mtu wa Nakuru, bado ana furaha ya mgeni. Asila amesahihisha hati yote ya mchezo: popote palipokuwa na tatu ameandika tisa ya asubuhi, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na hajakosea hata mara moja. Maelezo ya Jotham yalikwisha kugongwa muhuri, na muhuri ndio muhuri. Mimi na yeye tunasalimiana kwa Kiingereza.

Jotham huniandikia kutoka Vihiga. Kanisani amejitoa uzee mwenyewe kabla hajaulizwa, anasema hataki mtu aje kuiona karatasi akiwa amesimama madhabahuni. Halalamiki. Huniuliza hali, huniuliza mgongo, na mwisho wa ujumbe huniuliza kama bawabu bado anaachiliwa.

Namjibu ndiyo, mara nne kwa siku. Ijumaa mara tatu.